Karibu ya Tatu

Hadi leo watu wa Newala wakitaka kumsifu mwanamke husema, "Ana adabu za mke wa Mwalimu Walter." Wengi wanaosema hivyo hawakumwona hata siku moja. Mke wa Mwalimu Walter alikuwa mama yangu, Julia binti Bartholomayo, na mimi ni Isabela, kifungua mimba wake. Kwa miaka mingi sifa hizo nilizisikia nikanyamaza. Sasa nimezeeka na uvumilivu umekwisha, kwa hiyo nitasema adabu zile zilitufanya nini.

Mama alizaliwa misheni ya Kianglikana, Lulindi, baba yake akiwa katekista. Masista walimfundisha kushona, kupiga pasi na kuimba sauti ya pili, na juu ya yote walimfundisha namna ya kuwa mtu mbele za watu. Hakupita mbele ya waliokaa bila kuinama kidogo na kuomba radhi. Hakula njiani, hata embe. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Akipiga hodi tatu bila kuitikiwa aligeuka akaenda zake, hata kama alimwona mwenyeji dirishani. Baadaye, huku juu mlimani Newala, wanawake waliteremka bondeni alfajiri kufuata debe moja la maji, na mama aliteremka nao, ila wenzake walikwenda pekupeku na yeye alivaa viatu. Wakirudi, mwenye malengelenge alikuwa yeye. Na maji hayohayo aliyoyatolea jasho aliyatumia kunawia mikono kwa bakuli na sabuni, kabla ya kula na baada ya kula, mgeni awepo asiwepo.

Kuhusu chakula, sheria zake zilizidi Amri Kumi. Ukikaribishwa kula, unasema, "Asante, nimeshiba." Ukikaribishwa mara ya pili unasema, "Asante sana, nimeshiba kweli." Ukikaribishwa mara ya tatu, hapo unanawa, unakula tonge tatu nne, na unabakiza kidogo. Anayekubali karibu ya kwanza ni mlafi, na anayekataa ya tatu ana kiburi. Kule Lulindi kila mtu aliijua hesabu hiyo, mwenyeji na mgeni, kwa hiyo hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake.

Lakini baba alihamishiwa shule ya kijiji kimoja karibu na Newala, na pale hesabu hiyo haikuwapo. Wanaume walikula pamoja barazani kwa Mzee Abdulkadiri, kila mke akileta sahani yake. Wanawake na watoto walikula uani. Aliyepita wakati wa chakula aliitwa, naye akaja akala. Akisema ameshiba waliamini ameshiba, maana kwa nini mtu mzima aseme uongo juu ya tumbo lake mwenyewe?

Baba hakula barazani. Alisema mwalimu akichovya mkono bakuli moja na wazazi wa wanafunzi, heshima inakwisha. Tulikula ndani, mezani, kwa uma na kisu, mlango umefungwa. Vilevile alimkataza mama kulima. Chakula tulinunua kwa majirani, na majirani waliuza kwa furaha, kwani ni sifa kijiji kuwa na mwalimu ambaye mkewe hana sugu mikononi. Polepole ikawa desturi ya pale kwamba kwa Mwalimu hupeleki chakula. Kumpelekea chakula mtu aliyejifungia anakula ni kumwambia usoni kwamba hana kitu, na nani angethubutu kumtukana Mwalimu hivyo?

Mwaka uliofuata ule wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, baba alichaguliwa kwenda kozi ya mwaka mzima, mbali huko kaskazini. Alifurahi sana. Mama naye alifurahi kwa kiasi, kwa sababu kuzidisha furaha si adabu. Kabla ya kupanda lori baba alimwambia neno moja tu.

"Nyumba yetu inatazamwa, Mama Isabela. Usije ukaniaibisha."

Nimemsamehe baba mambo mengi. Hilo bado.

Mvua za mwaka ule zilinyesha wiki mbili zikatususa. Mtama ulikauka ukiwa kimo cha goti, na mihogo ikawa mizizi mitupu. Kufikia Agosti hakuna aliyekuwa na chakula cha kuuza. Pesa alizotuachia baba zilikuwa kabatini, lakini pesa hazitafuniki, na Mhindi wa duka alikuwa amebaki na khanga, sindano na mafuta ya taa. Wenzetu walikuwa na vichaka. Kila asubuhi wanawake walibeba majembe wakaenda kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo hata leo mtu wa Kusini akivitaja mate yanamjaa. Unachimba nusu siku, unarudi umechanwa na miiba na vumbi limekufika mapajani, lakini watoto wanalala wameshiba.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bimdogo, ambaye sote tulimwita Mama Sijaona kwa jina la binti yake. Alikuwa mwanamke wa Kimakonde, Mwislamu, mwenye chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, sauti yake ikisikika hadi barabarani, na kicheko chake hakukifunika kwa kitu chochote. Alimpenda mama na alimwogopa kidogo. Siku moja alikuja akasimama mlangoni.

"Mama Isabela, kesho tunakwenda vichakani. Tufuatane."

"Asante sana, mwenzangu," mama akasema. "Sisi bado tunacho."

Tulikuwa nacho kweli: unga wa mtama, debe lisilofika nusu. Mama Sijaona alilitazama gauni la mama lililonyooka kwa pasi, akaona haya kwamba amemwalika mtu kama yule kwenda kufukua udongo.

"Ee, nilitaka tu kukutoa upweke," akasema, akaondoka.

Wiki mbili baadaye alirudi na bakuli. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, ming'oko inamkwama kooni, anatamani uji. "Nimewaza nani mwenye unga," akasema, "nikaona ni kwa Mwalimu tu."

Mama akaingia jikoni, nami nilikuwa humo. Nikamwona akiinamisha debe na kulipiga kitako ili unga ulioganda pembeni uanguke. Bakuli likajaa, debe likabaki tupu. Nikamshika gauni. Akanibandua mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoka na lile bakuli anatabasamu.

"Msalimie bibi," nikamsikia anasema. "Akihitaji zaidi, uje."

Akihitaji zaidi, uje! Nimelea watoto, nimezika mume, na bado nikiyakumbuka maneno hayo damu inanichemka. Siku ile nilimchukia mama, na sioni kwa nini nifiche.

Tangu hapo tulikula majani. Kisamvu tulichochuma nyuma ya shule, kimechemshwa kwa chumvi, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mama alitandika kitambaa cha meza kama kawaida, akaomba sala, akagawa yale majani kwa kijiko kikubwa. Siku zote alikuwa akitukataza kugonga sahani, akisema ni tabia ya watoto wasiolelewa. Sasa alituambia tugonge. Tukagonga, mimi na mdogo wangu Cecil wa miaka mitatu, ili wanaume waliokuwa wakipita kwenda barazani kwa Mzee Abdulkadiri wasikie kwamba kwa Mwalimu watu wanakula. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Utauliza kwa nini hakuomba msaada kwao. Babu Bartholomayo alikuwa Lulindi, mwendo wa siku na ushee, na huko chini hawakuwa na shida kama yetu. Mama alimwandikia kila alipopata msafiri wa kumpa barua, nami nilizisoma kabla hajazifunga. "Sisi huku hatujambo sana, wasiwasi ni juu yenu tu. Watoto wanakusalimu. Mvua haikuwa nyingi." Hiyo "mvua haikuwa nyingi" ndiyo ilikuwa mayowe ya mama. Babu hakuyasikia. Alijibu kwa adabu ileile kwamba naye hajambo, na kwamba wasiwasi ni juu yetu tu.

Cecil alianza kuvimba miguu. Ukimbonyeza, kidole kinaacha shimo. Nywele zake zikageuka nyekundunyekundu na mashavu yakatuna. Mama akatoa kabatini soksi nyeupe ndefu zinazofika magotini, akamvalisha, na kofia juu, na hivyo ndivyo tulivyokwenda kanisani Jumapili. Nje ya kanisa wanawake walimzunguka. Miguu ilikuwa imefichwa na macho yao yalikuwa yamekwisha kuamini, kwa hiyo waliona walichotarajia kukiona.

"Tazameni mtoto wa Mwalimu alivyonawiri," mmoja akasema.

"Tunamshukuru Mungu," mama akajibu.

Njiani kurudi nilimwambia, "Mama, Cecil atakufa."

"Hatusemi hivyo, Isabela."

"Tuseme nini?"

Aliinama akazivuta juu soksi za Cecil. Nadhani hakuwa na maneno. Katika yote aliyofundishwa, sentensi ya kusema "nina njaa" haikuwamo, na mtu hatamki asichofundishwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaona kwa macho yangu kwamba mama yangu amefungiwa, na kwamba aliyemfungia ni yeye.

Siku mbili baadaye Cecil aliacha kulia. Mtoto wa njaa akilia una nafasi. Akinyamaza, hofu inaanza. Mama alimtazama asubuhi nzima. Kisha alioga, akavaa gauni lake la bluu, akachana nywele, akamfunga Cecil mgongoni, akanishika mkono. Tukaenda kwa Mama Sijaona wakati wa chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Nilifurahi. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kuomba: kufika.

Uani pale kulikuwa na sinia la ming'oko, imechemshwa, moshi unatoka, na pembeni bakuli la uji aliowekewa bibi. Mama Sijaona alikuwa amekaa na binti yake. Akainuka haraka na kutandika mkeka mpya.

"Mama mwalimu! Leo nimepata mgeni. Karibu, karibu tule."

"Asante," mama akasema. "Nimeshiba."

Nilimtazama Mama Sijaona usoni. Nilimwomba kimoyomoyo kwa nguvu zangu zote.

"Hata kidogo? Ni ming'oko tu, chakula chetu sisi, lakini karibu."

"Asante sana. Nimeshiba kweli."

Mama alikuwa tayari. Mimi niliyekaa karibu naye niliona mkono wake wa kulia umekwisha kufunguka juu ya goti, unangoja maji ya kunawa. Ilibaki moja. Mama Sijaona alimtazama, akalitazama sinia, na nikaona wazi anavyojilaumu: amemlazimisha mke wa Mwalimu mara mbili kula chakula cha porini, akimlazimisha tena itakuwa utovu wa adabu. Kwa heshima, kwa upendo, akachukua kawa akalifunika sinia.

"Haya, sitakusumbua," akasema. "Tuzungumze."

Wakazungumza. Kuhusu mama yake Mama Sijaona, ambaye uji ulimponyesha. Kuhusu mvua. Nusu saa nzima, na harufu ya ming'oko inatoka chini ya kawa, na mama anaitikia kwa sauti yake ndogo, "Kweli," "Alhamdulillahi, kama msemavyo nyinyi," "Poleni." Kisha akaaga vizuri kabisa, tukatoka.

Tulipofika njiani nyuma ya ua wa miba alisimama.

"Angesema mara moja tu," akaniambia. "Mara moja tu tena."

Ndiyo mara pekee maishani nilipomsikia mama akilalamika. Tuliingia ndani, akafunga mlango, akamlaza Cecil kitandani, akakaa pembeni na viatu vyake miguuni. Nilingoja anyanyuke. Nilingoja afanye chochote, hata kunituma. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, ameketi wima kama kwenye picha.

Nikafungua mlango nikakimbia.

Mama Sijaona alikuwa anakusanya vyombo. Nilisahau shikamoo. Nilisema yote kwa pumzi moja: kwamba hatuna kitu tangu mwezi uliopita, kwamba Cecil amevimba na hazungumzi, kwamba tunakula majani na kugonga sahani, kwamba unga tuliompa yeye ndio ulikuwa wa mwisho.

Aliposikia la unga alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu wee! Nimemla mtoto wa watu!"

Hakusema hivyo kwa sauti ndogo. Hakuwa na sauti ndogo. Wanawake walitoka nyua zote kuuliza nani kafa, naye akawaambia huku anakimbia, bakuli la uji mkononi. Waliingia kwetu bila hodi, kumi au kumi na wawili, na miguu yao ya vumbi, juu ya sakafu ambayo mama aliipiga deki kila Jumamosi. Mama akasimama.

"Karibuni," akasema.

Mama Sijaona alikaa kitandani, akamvua Cecil zile soksi na kuzitupa pembeni. Alipoiona miguu alilia waziwazi, huku anamtia uji mdomoni kwa kidole, tone baada ya tone.

"Unatuulia mtoto kwa ustaarabu, Mama Isabela?" akasema bila kugeuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hukusikia hilo huko misheni kwenu? Ungesema! Mdomo unao!"

Wengine walimshika mama mikono wakamtoa uani, wakamkalisha chini kwenye vumbi na gauni lake la bluu, wakamwekea sinia la ming'oko mbele. Hakuna aliyemkaribisha mara moja wala mara tatu. Mmoja alimmenyea mng'oko, akamtia mkononi, akamwambia, "Kula." Akala. Alikula kwa mikono miwili, anatazama chini, na wapita njia walisimama kwenye ua kumwangalia, hata watoto wa shule ya baba. Walikuwa wanamhurumia. Nimefikiri tangu hapo kwamba kama wangemcheka angepona mapema zaidi.

Cecil alipona. Ilichukua hadi mabibo ya mikorosho kuiva, lakini alipona, na hadi baba anarudi hatukukosa chakula siku hata moja, kwani kila jioni kulikuwa na mtu wa kuacha kitu mlangoni. Mama aliwashukuru wote. Mama Sijaona akawa shogake wa kweli, na siku moja nilimsikia anamcheka mama kwa habari ya zile soksi, naye mama anacheka pia, kiganja mdomoni. Aliwasamehe walioiona aibu yake. Hata baba, aliporudi na kusikia na kukasirika, mama alimjibu kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akamwambia mtoto yupo hai, mengine tumwachie Mungu.

Nilidhani basi na mimi nimesamehewa.

Jioni ile ya tukio lenyewe, wanawake walipoondoka, nilikaa jikoni nikingoja kipigo. Nilikitaka. Mama alipita na taa mkononi, akaniona, akasema, "Isabela, asante kwa msaada wako," akaenda kulala. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba. Umeamkaje? Karibu chai." Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa ileile aliyowasemesha wake za mapadri. Nilitafuta ile nyingine, ya kunikaripia, ya kuniambia nimevaa gauni kinyume, na sikuisikia siku ile, wala wiki ile. Niliharibu vitu makusudi. Nilivunja kikombe chake cha ukumbusho wa kutawazwa Malkia. "Pole," akasema, "hukujikata?"

Nilikwenda bweni, nikasomea ukunga, nikaolewa Masasi. Nimezalisha wanawake wengi, na hakuna hata mmoja niliyemwacha alale bila kumuuliza waziwazi kama ana njaa. Mama aliishi miaka thelathini na sita baada ya njaa ile. Sikumsikia akisema neno baya juu yangu kwa mtu yeyote. Aliniandikia kila mwezi, kwamba yeye hajambo, wasiwasi ni juu yangu tu.

Mwaka wake wa mwisho mimi, Cecil na mkewe tulikwenda kumwona pamoja, kwa basi moja. Cecil sasa alikuwa mtu mzima, katibu wa chama cha ushirika, ana kitambi. Tulipoingia tu mama alimfokea kwa kuleta tope sebuleni, akamvua koti, akamwita mjinga mbele ya mkewe, akamtuma uani akapasue kuni, naye Cecil akaenda huku anacheka na kunung'unika. Mimi niliombwa radhi kwa sababu nyumba haijafagiliwa, nikaletewa kiti.